Mama Maabara na Hodi ya Nne

Nianze na ujinga wangu, maana nisipoutaja mimi hakuna mwingine wa kuutaja. Muhula wa kwanza wa kidato cha tatu, siku ya Alhamisi, kipindi cha mwisho, nilichukua waya wa kijani wenye vichwa viwili. Kichwa kimoja nikakichomeka kwenye tundu la saba la swichi, cha pili kwenye tundu la nane la swichi hiyohiyo. Swichi ni lile sanduku jembamba la chuma ukutani ambalo kompyuta zote za maabara hupitia ili zisikilizane. Lina matundu ishirini na manne, na kila tundu lina kitaa chake. Nilitaka kuona nini kitatokea sanduku likijipigia simu lenyewe. Vitaa vyote viliwaka na kuzimika kwa pamoja, haraka haraka, kama vinacheka. Nilivitazama mpaka nikasahau kengele. Kisha nikaenda zangu kula.

Kesho yake hakuna kompyuta iliyosikilizana na mwenzake. Mama Maabara alichomoa waya mmoja mmoja tangu asubuhi mpaka saa tano, akaufikia ule wa kijani. Akashika kichwa hiki, akashika kichwa kile, akasimama katikati yake kama mtu anayenyoosha kamba ya kuanikia nguo.

"Huu nitakuwa nimeuchomeka mimi jana nilipokuwa napangusa vumbi," alisema taratibu. "Nimeanza kusahau."

Mimi nilikuwa kiti cha pili kutoka mlangoni. Mdomo wangu, ambao shule nzima inaujua, ulijifunga. Basi haya yote ninayoandika kumhusu yanapita kwenye tundu la saba na la nane: mtu mzima aliamini kichwa chake kinamwacha, na aliyejua kwamba sivyo nilikuwa mimi peke yangu.

Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kabatini. Mama yangu anauza ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyembamba vya porini, nje ya hospitali ya Mkomaindo kule Masasi, na sidhani kama kuna mteja anayejua jina alilopewa na baba yake. Wanamwita kwa jina langu, kwa hiyo nikiharibu mimi, jina lake ndilo linaloharibika. Huyu wa shuleni hatukumjua mtoto wake, wala kama anaye. Tukamwita Mama Maabara, kana kwamba kile chumba chenye madirisha sita na kompyuta sita ndicho alichokibeba miezi tisa. Aliitika tangu siku ya kwanza, bila kutabasamu wala kununa.

Alikozaliwa sijui. Wapo waliosema Mkunya, wapo waliosema ni mtu wa chini Masasi aliyepanda uwandani, huku juu Newala, kikazi akasahau kushuka. Hilo la kusahau kushuka nililiongeza mimi. Ninachokijua ni miwani yake iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, kanga moja begani ya kufutia vioo, na ufagio wa manyoya ya jogoo ambao hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuugusa. Najua pia kwamba zamani alikuwa opereta wa simu, enzi ambazo ukiwa Newala ukataka kuongea na mtu wa Masasi, ilibidi mwanamke fulani achomeke waya kwa mkono wake ndipo sauti zenu zikutane. Mwanamke huyo alikuwa yeye.

"Ulikuwa unasikiliza mazungumzo ya watu?" nilimuuliza.

"Nilikuwa nasikiliza wanavyonyamaza," alisema. "Maneno ya watu yanafanana."

Ukitaka kumwona vizuri ilibidi uwahi. Newala asubuhi za baridi, ukungu unapanda kutoka Shimo la Mungu, lile bonde refu la ukingoni mwa mji, na kuingia shuleni bila ruhusa ya mwalimu wa zamu. Watu hutokea ndani yake kichwa kwanza, miguu baadaye. Yeye alitokea hivyo kila siku, miwani ikiwa imejaa weupe, funguo zikilia mkononi kabla hajaonekana. Anafungua kufuli, anausukuma mlango, halafu anasimama kizingitini mbele ya chumba kitupu.

"Hodi."

Kimya. Ukungu unampita miguuni na kuingia ndani kabla yake.

"Hodi."

Kimya tena. Anapiga ya tatu, halafu anajijibu mwenyewe kwa sauti ndogo, "Karibu," na kuingia.

Siku moja sikuvumilia. "Shikamoo, Mama. Unampigia nani hodi na humo hamna mtu?"

"Marahaba. Humo umeme umelala. Wewe ukiamshwa kwa teke unafurahi?"

Aliwasha mashine kwa zamu, moja, nyingine, nyingine, na baina ya moja na nyingine alikaa akisikiliza feni ikianza kuvuma. Ya tatu kutoka dirishani ilikuwa inakoroma. Aliiwekea kipande cha kadibodi chini ya mguu, akaiinamia na kuiuliza, "Sasa je?" Naapa ilinyamaza.

Usije ukadhani alikuwa mtu wa subira. Kwa mashine alikuwa na subira ya jiwe. Kwa wanadamu hakuwa na hata ya njiti ya kiberiti. Ugali wa muhogo aliula katikati ukiwa bado unga. Akipanda bodaboda na kijana akasimama kuweka mafuta, Mama Maabara anashuka na kuanza kutembea. Kijana anaweka mafuta, anamfuata, anamkuta mbele, na yeye anapanda tena bila neno kana kwamba walikubaliana. Kwenye foleni ya maji, bomba likikohoa upepo kabla maji hayajafika, alilipiga kofi. Uwanda mzima unajua kusubiri maji. Yeye, aliyetufundisha kusubiri, ndiye aliyekuwa akilipiga bomba makofi.

Na simu, kazi yake ya ujana, aliichukia. Alikuwa na simu ya vitufe iliyofungwa raba. Ikilia, anaiweka sikioni na kukaa kimya. Anayepiga anasema halo, halo, halo, upo? Yeye kimya.

"Mama, si useme halo?"

"Anayepiga ndiye anayebisha. Abishe kwanza."

Lakini ole wako ukate simu kabla mwenzako hajamaliza kuaga. Aliwahi kumsimamisha mwalimu wa michezo ukumbini kwa kosa hilo, mwanaume mwenye ndevu, akamwambia ampigie tena yule mtu amuage vizuri. Alipiga.

Mimi aliniita Redio. "Redio, punguza sauti, betri itakwisha." Hakunichapa hata siku moja, na sababu nilimpa nyingi. Niliwahi kubandua kitufe cha M na cha N kwenye kompyuta yake nikavibadilishana, nikakaa kusubiri vichekesho. Nilisubiri wiki nzima. Mama Maabara hakugundua kitu kwa sababu hakuwa akivitazama vitufe. Vidole vyake vilikuwa vinajua njia. Aliyenaswa ni mwalimu wa taaluma, aliyeazima mashine hiyo akaandika barua rasmi kwa "Nkuu wa Shule". Hapo ndipo Mama Maabara alipoangalia vitufe, akaniangalia mimi, akavirudisha kwa kijiko cha chai. "Redio," alisema, "ukitaka kumtega mtu, kwanza ujue anatembeaje."

Unaona basi. Mtu wa namna hiyo, vidole vinavyokumbuka vyenyewe, ndiye aliyeamini amechomeka waya na kusahau.

Wiki ileile ya waya wa kijani aliingia ndani ya mipangilio ya swichi akawasha kitu alichokiita mlinzi. Mlinzi huyu alikuwemo tangu sanduku linatengenezwa, ila alikuwa amezimwa. Kazi yake, waya unapochomekwa au mashine inapoamka, ni kulizuia tundu hilo kwanza. Anatulia hapo nusu dakika anasikiliza kama kuna mtu anazungusha njia ijirudie yenyewe. Akiridhika, anafungua. "Nikikosea tena," alituambia, "huyu atanizuia."

Ningeweza kusema siku hiyo. Badala yake nilitunga utani. Nilisema Mama Maabara anapiga hodi maabara kwa sababu anasahau kuwa chumba ni chake. Utani ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Ndani ya siku mbili ulifika kidato cha kwanza, na siku ya tatu ulifika jikoni kwa wapishi, mmoja wao akacheka mpaka akaacha mbaazi zikaungua. Siku ya nne ulimfikia mwenyewe.

"Nasikia napiga hodi kwangu," aliniambia huku akifuta kioo.

Nikainama kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

"Huenda ni kweli," alisema, akacheka kidogo, akaendelea kufuta kioo ambacho kilikuwa kimeshang'aa.

Mwezi wa saba zikaja kompyuta nyingine kumi na nne, kuukuu, zimefungwa magunia kama korosho. Pamoja na zile sita zikawa ishirini. Mkuu wa shule alikuja maabara na suti yake ya wageni, ingawa wageni walikuwa bado.

"Mama, afisa elimu anakuja Ijumaa. Amesema asipozikuta zinawaka, anazipeleka shule nyingine yenye mtaalamu."

"Yenye nini?"

"Mtaalamu. Ni neno lake, si langu."

Mama Maabara alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ijumaa zitawaka."

Mjini vijana wanaopiga window huweka mfumo kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, wakikaa mbele ya kila moja na kujibu maswali yake: lugha gani, saa za wapi, jina nani. Yeye alitaka kupiga Linux, mfumo wa bure, kwenye zote ishirini kwa mpigo, bila mtu kukaa mbele ya hata moja. Mashine yake ya mezani, nje ya hizo ishirini, aliifanya seva, yaani mama wa nyingine, akaweka humo mfumo mzima na karatasi ya majibu: kila swali litakaloulizwa, jibu lake limeshaandikwa. Kompyuta ikiwaka inaomba anwani, ili ijulikane ni nani na inakaa wapi kwenye mtandao. Ikipewa anwani inachukua mfumo kwa seva, inajisomea majibu, inajijenga yenyewe. Kwa zile sita za kwanza alifanya hivyo mwaka uliotangulia, na zikakubali.

Safari hii zikagoma zote. Kila moja iliwaka vizuri, ikaanza kazi, ikafika mahali pa kuomba anwani, ikasimama na maandishi meupe: anwani haijapatikana. Chini yake swali: ujaribu tena? Ukibonyeza kujaribu tena, inapata anwani papo hapo, bila kinyongo. Ukiizima ukaanza upya ukaiacha peke yake, haipati.

"Kwa mkono inakubali, yenyewe inakataa," alisema mkuu wa shule. "Si mbonyeze kwa mkono basi."

"Ikishindwa kuamka peke yake leo, itashindwa siku ambayo mimi sipo," alisema Mama Maabara. "Hapo utambonyezesha nani? Mtaalamu?"

Jumatatu alibadilisha nyaya. Jumanne alijaribu seva nyingine, akairudisha ya kwanza. Jumatano alileta madaftari yake yote ya mwaka uliopita, akayapanga juu ya meza, akayasoma ukurasa kwa ukurasa kwa kidole. Sisi tulikuwa kwenye kipindi, tunajifanya tunaandika.

"Karatasi ni ileile," alikuwa akisema, si kwetu. "Seva ileile. Mwaka jana ilikubali. Kuna kitu nilikifanya mwaka jana nimekisahau."

Alisema hivyo mara tatu, na kila mara kidole kilirudi mwanzo wa ukurasa. Nikimkumbuka sasa, huyo ndiye ninayemwona kwanza, na kidole chake. Nje ukungu haukuwa umeondoka, madirisha yalikuwa meupe, na ndani kompyuta ishirini zilikuwa zimeandika kitu kimoja. Ungesema tuko ndani ya wingu lenye taa, na bibi mmoja anatafuta ndani yake kitu ambacho hakikupotea.

Alhamisi tulipoingia hakuwa na daftari. Alikuwa amekaa kwenye stuli mbele ya swichi, ameshika kidole juu ya mshipa wa mkono wake, anaangalia kitaa kimoja.

"Njano," alisema. "Kaeni. Bado njano. Bado." Tukakaa. "Sasa kijani. Mapigo thelathini na kitu." Akageuka. "Redio, simama. Wewe ni kompyuta."

"Ya ngapi, Mama?"

"Ya kukoroma. Toka nje, mlango ufungwe. Umefika kwa watu, unataka uambiwe pa kukaa. Piga hodi kama ulivyofundishwa kwenu."

Mlangoni alimweka dada mkuu, aliyekuwa wa darasa letu, msichana asiyejua mzaha hata kidogo. Akamwambia, "Wewe ni mlinzi. Akifika, hesabu mpaka thelathini kimoyomoyo ndipo ufungue. Asikuhimize mtu."

Nikatoka. Nje hakukuwa na kitu. Uwanja haukuwepo, bendera haikuwepo, mikorosho ya nyuma ya vyoo ilikuwa vivuli vinavyosogea bila kwenda. Nilipiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili. Kimya. Nikapiga ya tatu kwa sauti ya mjomba anayedai mahari, na ndani nikasikia kicheko kikizibwa na viganja. Kisha kimya.

Sasa, kwetu sote, wa msikitini na wa kanisani, mtoto anafundishwa hivi: hodi ni tatu. Usipojibiwa ya tatu, unaondoka, hukai mlangoni kwa watu kama mkusanya kodi. Basi nikaondoka. Nilikuwa nimefika karibu na tangi la maji, nimezungukwa na weupe mtupu, nikasikia mlango ukifunguka nyuma yangu na sauti ya dada mkuu ikisema "Karibu" kwa heshima zote, akiukaribisha ukungu.

Darasa lilipasuka. Mimi pia nilicheka, nikageuka kurudi, halafu miguu ikasimama. Maana nilielewa. Mashine zilikuwa na adabu kuliko ilivyotakiwa: zilipiga hodi tatu, mlinzi bado anahesabu, zikaondoka. Anayebonyeza kwa mkono anafika mlinzi akiwa ameshamaliza kuhesabu, ndiyo maana anakaribishwa papo hapo. Na mwaka uliopita ilikubali kwa sababu mwaka uliopita hapakuwa na mlinzi. Mlinzi aliletwa na waya. Na waya uliletwa na mimi. Hakuna alichokisahau. Hakuna hata kimoja.

Nilipofika mlangoni alikuwa ameshaanza kuandika ubaoni, mgongo umenyooka, chaki inaruka. Kwenye mstari wa kuwashia mashine aliongeza maneno machache tu, ya kuiambia isubiri sekunde sitini kabla ya kukata tamaa, na kwamba wakati wote huo iendelee kubisha. "Tunaifundisha utovu wa adabu kidogo," alisema. "Hodi ya nne, ya tano, mpaka mwenye nyumba afike."

Mvulana mmoja akauliza, "Mama, si ni rahisi kumtoa mlinzi tu?"

"Mlinzi abaki." Chaki ilisimama. "Nilimweka kwa ajili yangu. Mtu anayeanza kusahau haachiwi mlango peke yake."

Nilikuwa nimesimama kizingitini, pale anapopigia hodi. Watu arobaini walikuwa wananitazama, wanangoja, kwa sababu kila niingiapo huwa nasema kitu. Nilikuwa nacho cha kusema. Kilikuwa kimeshafika kwenye ulimi.

"Na mlinzi naye akisahau, Mama?" nikasema.

Wakacheka. Yeye akacheka wa mwisho, peke yake, muda mfupi.

Ijumaa asubuhi aliziwasha zote ishirini kwa pamoja, mara ya kwanza na ya mwisho nilipomwona akifanya hivyo. Alipiga hodi zake, akawasha, akarudi nyuma mpaka ukutani akakunja mikono ndani ya kanga. Vitaa vya swichi vilikuwa njano vyote. Mashine zilifika pale mahali pa kuomba anwani, zikatulia. Hakuna aliyepumua, hata suti ya mkuu wa shule. Kisha kitaa kimoja kikawa kijani, na kioo kimoja kikaanza kumwaga maandishi, halafu kingine, halafu kule dirishani. Maandishi yakashuka kwenye vioo vyote kama mvua ya kwanza inavyoshuka kwenye bati za jirani kabla haijafika kwako. Ile ya kukoroma ilikuwa ya mwisho. Ilipopata anwani yake, ilikoroma.

Afisa elimu alikuja, akaangalia, akanywa soda, akaziacha. Mwezi wa tisa tuliporudi likizo fupi mlango wa maabara ulikuwa na kufuli jipya na kijana mpya. Mkuu wa shule alitangaza mstarini kwamba mama yetu ameomba mwenyewe kupumzika. Aliandika barua. Mwalimu wa taaluma, aliyeisoma, alisema ilikuwa na mistari miwili: kwamba kichwa kimeanza kumwacha, na kwamba heri aondoke kabla hajaharibu kitu cha watoto.

Nilitunga utani siku hiyo? Hapana. Watu waliuliza kama naumwa.

Likizo ya Desemba nilikuwa nyumbani Mkomaindo, namenya ming'oko huku mvua ikijaribu kunyesha na kughairi. Mama alirudi na beseni tupu, akakaa, akavua kandambili.

"Yule mama wa kompyuta wa shuleni kwenu," alisema, "leo amepita pale hospitali, akajitambulisha. Anakaa Lisekese siku hizi. Amekuja kumwona daktari wa kichwa."

"Anaumwa nini?"

"Anasema anasahau. Nilimwuliza, unasahau nini, mama? Akasema hakumbuki alichosahau, ila anajua alishawahi." Mama akacheka kwa huruma, halafu akaniangalia. "Mbona umeukata nusu?"

Nilikuwa nimekata mng'oko na kidole pamoja, kidogo tu. Asubuhi yake nilitembea mpaka Lisekese kwa njia ya mashambani, udongo mwekundu unang'ang'ania viatu, watu wameinama wanapanda mahindi. Niliulizia kwake mara mbili, wote wakajua: yule anayebandika makaratasi.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya bati, mlango nusu wazi. Mlangoni kulikuwa na karatasi imeandikwa kwa mwandiko wake wa kunyooka: FUNGA. Kwenye ndoo: FUNIKA. Dirishani niliona daftari limefunguliwa, na kwenye ukurasa mistari mingi mifupi. Nimezima jiko. Nimefunga mlango wa nyuma. Nimechomoa pasi. Nimezima jiko, nimeangalia tena.

"Hodi," nilisema.

Kimya. Kuku mmoja alinitazama.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Kimya. Adabu zilinigeuza. Ningeondoka, na ningekuwa na sababu: nilikwenda, sikumkuta. Nilikuwa nimeshapiga hatua mbili, kwa furaha niseme ukweli. Kisha nikasimama, nikaweka kidole kwenye mshipa wa mkono kama alivyofanya yeye, nikahesabu. Kumi. Ishirini. Mawingu yalikuwa yanapita polepole juu ya bati lake. Thelathini. Nikarudi mlangoni nikapiga ya nne.

"Karibu," ilijibu sauti kutoka uani. "Nilikuwa nanawa mikono. Nani huyo asiyeondoka?"

"Redio."

"Pita, Redio. Usimkanyage huyo kuku."

Alikuwa amepungua. Miwani ileile, kamba ileile. Alinipa kigoda, akakaa kwenye mkeka, na kabla hajaanza kuniuliza habari za mashine nilisema yote kwa mkupuo, bila kichekesho hata kimoja, nikitazama vidole vyake vya miguu. Kwamba waya nilichomeka mimi, na Alhamisi ile yeye hakuwa amegusa kitu. Na kwamba mashine zilipogoma hakukuwa na alichosahau, kwa sababu kilichobadilika ni mlinzi tu, na mlinzi ni kwa ajili yangu.

Nilisubiri kofi. Lingenisaidia.

"Waya wa rangi gani?" aliuliza.

"Kijani."

"Matundu gani?"

"La saba na la nane."

Alifumba macho. Nilimwona akirudi kule, anachomoa mmoja mmoja, anahesabu kwa vidole hewani. La tano. La sita. La saba. Alikaa hapo kwenye la saba muda mrefu sana, mrefu kuliko wa mlinzi. Alipofumbua macho yalikuwa na maji, na alikuwa amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona mtu akikasirika kimya.

Akavuta daftari kutoka dirishani, akaniwekea magotini na kalamu juu yake. "Andika humo. Tarehe, kipindi, matundu. Mwandiko wako, si wangu. Wangu nimeacha kuuamini."

Niliandika. Mwandiko ulitoka kama wa darasa la pili. Alisoma, akasoma tena. Kisha akanyanyuka, akaenda mlangoni, akaibandua ile karatasi ya FUNGA, akaikunja ndogo, akaiweka kwenye pindo la kanga. Ya ndoo aliiacha.

"Na ulipoingia hukuniamkia," alisema akiwa amenipa mgongo.

"Shikamoo."

Nilisubiri. Kuku aliingia, akatoka. Tone moja la mvua lililia juu ya bati, halafu la pili. Nilihesabu na nikapoteza hesabu, na sikuondoka.

"Marahaba," alisema. "Nenda kwenu kabla mvua haijakukuta. Na umwambie mama yako ulichoniambia. Usipunguze sauti."

Mvua ilinikuta. Nilifika Mkomaindo nimelowa, mama yuko jikoni anapepea mkaa. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, tangu waya mpaka marahaba, maji yananichuruzika. Hakunikatisha. Alipakua ugali, akapakua kisamvu, akanisogezea sahani, na nilipoinama kunawa ndipo aliposema, bila kunitazama:

"Mama wa watu miezi yote hiyo anajiona akili inamtoka, na wewe ulikuwa unakula, unashiba, unalala."